Boti ya klabu ya mbizi: mali ni ya nani, na ajali ikitokea anawajibika nani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara wanachama wa klabu ya kupiga mbizi wanapoanza kuchangishana kwa ajili ya boti, au siku wanapogundua kwamba boti waliyo nayo haina karatasi zinazoeleweka. Majibu yanafuata sheria za Tanzania Bara. Zanzibar au Kenya zinapotofautiana kwa jambo kubwa, tumetaja. Ukurasa huu hauchukui nafasi ya wakili: rasimu ya mkataba wenu mpelekeeni aisome kabla ya kusaini, maana gharama yake ni ndogo kuliko bei ya mashine moja ya boti.

## Umiliki

1. Tulichanga pesa tukanunua boti. Ni mali ya klabu au ni yetu sisi tuliochanga?

Karatasi ndizo zitakazojibu. Stakabadhi ya ununuzi na usajili vikiwa kwa jina la klabu au wadhamini wake, na muhtasari wa kikao ukisema pesa zile zilikuwa mchango, basi boti ni ya klabu na wewe umebaki na haki ya kuitumia kama mwanachama. Ikiwa mliandikiana kwamba kila mtu ana hisa, nyinyi ni wamiliki wenza, na klabu ni mtumiaji tu wa boti yenu. Kama hamkuandika kitu, kila mmoja anaamini lile linalompendeza, na ukweli utatafutwa siku ambayo hamtakuwa na hamu ya kusikilizana.

Mipango inayoonekana zaidi ni mitatu: boti ni ya klabu nzima, boti ni ya wanachama wachache wanaoiruhusu klabu iitumie, au boti ni ya mtu mmoja na klabu inamlipa kwa kila safari. Yote mitatu inaweza kwenda vizuri. Kinacholeta ugomvi ni mchanganyiko usio na maandishi, ambapo watu sita walinunua bodi (boti tupu bila mashine), klabu ikanunua mashine ya pili, na mwanachama wa zamani akaleta trela yake.

Kwa maoni yetu, klabu inayotaka kuishi miaka mingi ichague mpango wa kwanza.

2. Klabu imesajiliwa tayari. Si inatosha kumiliki boti kwa jina lake?

Mara nyingi haitoshi. Usajili chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 337, unakifanya chama kuwa halali, lakini peke yake haukipi nafsi ya kisheria: uwezo wa kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake chenyewe. Usajili wa klabu za michezo kwa Baraza la Michezo nao usichukuliwe kuwa unamaliza suala hili.

Njia ya kawaida ni kuwasajili wadhamini wa klabu RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318. Wakishapata hati, bodi ya wadhamini inakuwa na nafsi ya kisheria na lakiri (muhuri rasmi) yake. Boti inaandikwa kwa jina la bodi hiyo, na mdhamini mmoja akifa au akihama nchi, mali haitikisiki. Njia ya pili ni kuunda, kupitia BRELA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni), kampuni yenye ukomo wa dhamana isiyo na hisa. Inafaa klabu kubwa zenye wafanyakazi, ila ina kazi zaidi ya makaratasi kila mwaka.

Kenya hali inafanana: chama kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108, hakiwi nafsi ya kisheria kwa usajili huo pekee, ndiyo maana mali huwekwa kwa wadhamini. Zanzibar ina sheria yake ya vyama na mrajisi wake, hivyo klabu ya Unguja au Pemba isinakili katiba ya klabu ya Dar es Salaam na kudhani mambo yamekwisha.

3. Kwa nini tusiiandikishe kwa jina la mwenyekiti? Tunamwamini.

Mwaminini tu, shida haitoki kwenye uaminifu wake. Akifariki, boti iliyo kwa jina lake inaonekana ni sehemu ya mirathi, na msimamizi wa mirathi anawajibika kukusanya kila mali ya marehemu kwa niaba ya warithi. Mjane na watoto hawakuwa kwenye vikao vyenu. Wanaona kadi ya usajili yenye jina la baba. Akiachana na mwenza wake, mahakama ikigawa mali ya ndoa chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, boti itatajwa. Akidaiwa na benki, dalali atakuja na orodha yake. Na ajali ikitokea, barua ya madai itaandikwa kwa mwenye chombo, naye ni yeye peke yake.

Kama mmeshafanya hivyo, msisubiri mkutano mkuu. Mwenyekiti asaini leo, mbele ya wakili na mashahidi, tamko kwamba anaishikilia boti kwa niaba ya klabu na hana maslahi binafsi ndani yake. Nakala ibaki kwa katibu na kwa wakili. Baada ya hapo ndipo mwanze taratibu za kuhamisha usajili.

4. Tukiamua kuwa wamiliki wenza, tugawe hisa ngapi?

Idadi mnachagua wenyewe. Sheria ya meli ya Uingereza, ambayo imeacha alama kubwa kwenye sheria zetu za bahari, huigawa meli katika hisa 64, lakini boti ya faiba ya mita saba haihitaji hesabu hiyo. Hisa chache zilizo sawa, kwa mfano nane au kumi, zinatosha. La maana zaidi ni mkataba useme kama hisa inaweza kuuzwa kwa mtu wa nje ya klabu (tunashauri isiweze), na wenzako wana siku ngapi za kuinunua wao kwanza.

Jambo moja huwatia watu hofu bila sababu: kumiliki mali pamoja peke yake hakuwafanyi kuwa wabia wa biashara. Ubia huja pale mnapofanya biashara pamoja mkilenga faida, na hapo kila mbia anaweza kubanwa kwa madeni ya wote. Klabu inayoanza kukodisha boti kwa watalii inasogea upande huo (tazama swali la 16).

5. Mimi nilitoa pesa nyingi kuliko wenzangu. Nina haki zaidi ya kuitumia?

Ikiwa mkataba unasema hivyo, ndiyo. Usiposema, usitegemee. Ni bora aliyetoa zaidi aandikiwe ziada yake kama mkopo kwa klabu wenye tarehe ya kurudishwa, kuliko kumpa Jumamosi nyingi zaidi. Jumamosi za msimu wa maji meupe, kaskazi inapotulia, ndizo kila mtu anazitaka.

6. Mwanachama akiondoka, anarudishiwa pesa zake?

Kwenye mpango wa mali ya klabu, kwa kawaida harudishiwi. Ametoa mchango, ameitumia boti, amekwenda. Fomu ya kujiunga iseme hivyo waziwazi, asije mtu akadai miaka mitatu baadaye.

Kwenye mpango wa hisa, arudishiwe thamani ya hisa siku anapoondoka, si pesa aliyoingiza. Boti hushuka bei, na mashine hushuka haraka kuliko bodi. Andikeni njia ya kukadiria: fundi mmoja anayekubalika na pande zote, au wawili na wastani wao. Andikeni pia kwamba malipo yanaweza kufanywa kwa awamu na kwamba wamiliki waliobaki hawatalazimika kulipa zaidi ya hisa moja kwa mwaka. Bila kifungu hicho, watu watatu wakihamishwa kikazi mwaka mmoja, waliobaki watalazimika kuuza boti ili kuwalipa.

Aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu bado ana hisa yake. Kumfukuza uanachama hakufuti umiliki, isipokuwa alikubali hivyo kwenye mkataba. Aliyefariki, hisa yake inakwenda kwa warithi. Wapewe thamani, na haki ya kuendesha boti isirithiwe.

7. Mashine ikifa, nani analipa?

Uchakavu wa kawaida ni wa wote na unalipwa na mfuko wa mashine, ambao kila safari inauchangia kiasi kidogo kulingana na saa ambazo mashine imefanya kazi. Uharibifu wa uzembe ni wa aliyezembea: kusahau kuchanganya oili kwenye mashine ya viharusi viwili (two-stroke), kupita juu ya mwamba maji yakiwa yamekupwa, kutosuuza mashine kwa maji baridi. Ugomvi mwingi wa pesa kwenye klabu huanzia hapa, na dawa yake ni daftari la boti: anayeichukua anaandika hali aliyoikuta, anayeirudisha anaandika hali aliyoiacha.

## Ajali na dhima

8. Mtu akiumia, anashtakiwa nani: klabu, wamiliki au nahodha?

Anayedai fidia hulenga popote panapoonekana kosa na penye uwezo wa kulipa. Anaweza kuwashtaki wote kwa pamoja. Mahakama zetu zinafuata msingi wa uzembe uliorithiwa kutoka sheria ya kawaida (common law) ya Kiingereza: mtu alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu, hakuwa mwangalifu, na kutokuwa kwake mwangalifu ndiko kulikosababisha madhara.

Wa kwanza kuangaliwa ni aliyetenda kosa lenyewe, mathalani nahodha aliyewasha mashine huku mpiga mbizi akiwa ameshika ngazi ya nyuma. Wa pili ni aliyemtuma, yaani klabu, ikiwa nahodha alikuwa akifanya kazi ya klabu. Wa tatu ni mwenye chombo, kama alikitoa kikiwa kibovu: pampu ya maji ya ngamani haifanyi kazi, maboya hayatoshi, kamba ya kuzimia mashine ilikatika mwezi uliopita na hakuna aliyenunua nyingine.

Dhima ya fidia ni tofauti na kesi ya jinai. Bodi ya wadhamini italipa fidia, lakini hakuna atakayekwenda gerezani kwa niaba ya nahodha. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatambua kosa la kuendesha chombo cha majini kwa uzembe na kuhatarisha maisha, na linamhusu mtu binafsi. Boti ya wapiga mbizi iitwayo Conception iliungua usiku wa tarehe 2 Septemba 2019 karibu na kisiwa cha Santa Cruz, California, na watu 34 waliokuwa wamelala chini ya sitaha wakafa. Wamiliki walikimbilia mahakamani wakitaka dhima yao iwekewe ukomo kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1851. Nahodha alishtakiwa mwenyewe. Mwaka 2023 alitiwa hatiani na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka minne. Hoja kubwa dhidi yake ilikuwa kwamba hakuweka mlinzi wa usiku wa kuzunguka boti wakati wengine wamelala. Ni wajibu usiohitaji pesa yoyote, na haukutekelezwa.

9. Nina hisa lakini siku ya ajali nilikuwa nyumbani Mbagala. Naweza kudaiwa?

Kumiliki hisa tu hakukufanyi mkosaji. Unaweza kuguswa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kama ulijua ubovu wa boti ukanyamaza, au ulikuwa kwenye kamati iliyoahirisha matengenezo. Ya pili ni kama nahodha alikuwa akiendesha kwa niaba yenu wamiliki wote. Kwa njia hiyo ya pili mali zako binafsi zinaweza kufikiwa kama hakuna taasisi yenye nafsi ya kisheria katikati (swali la 2) wala bima (swali la 14). Ndiyo sababu wamiliki wenza wanapaswa kuwa wakali kuhusu bima kuliko klabu yenye wadhamini.

10. Nahodha wetu anajitolea, halipwi hata nauli. Bado anawajibika?

Ndiyo. Kujitolea hakupunguzi kiwango cha uangalifu anachotakiwa kuwa nacho mtu aliyeshika usukani. Klabu inamdai nini, basi? Inamdai sifa, mapumziko na utii wa kanuni. Na klabu imlinde kwa kifungu cha katiba kinachosema kwamba itabeba gharama zake za madai kwa jambo alilolifanya kwa nia njema akiwa kazini, isipokuwa ulevi au kukaidi kanuni kwa makusudi. Kifungu hicho kina maana kama kuna bima nyuma yake. Klabu yenye salio la kununulia petroli ya wiki moja haiwezi kumlinda mtu yeyote.

11. Na tukimwajiri nahodha wa kudumu?

Hapo klabu ni mwajiri kamili. Inabeba makosa yake anayoyafanya kazini, na yeye mwenyewe akiumia ana haki kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mwajiri wa Tanzania Bara anatakiwa kujisajili na kuuchangia. NSSF iko palepale. Kumwita "kibarua" na kumlipa mkononi kila Jumamosi hakuwaepushi ikiwa kila wiki ni yeye yule, boti ileile, na maagizo anapewa na nyinyi.

12. Baharini nani mwenye neno la mwisho: nahodha au kiongozi wa mbizi?

Chombo ni cha nahodha. Mbizi ni ya kiongozi wa mbizi. Nahodha akisema bahari imechafuka, tunarudi, hakuna kura inayopigwa. Kiongozi wa mbizi akisema mkondo ni mkali, hakuna anayeshuka, nahodha hamshawishi mtu. Kila mmoja ana haki ya kukataa, na hakuna mwenye haki ya kumlazimisha mwenzake. Andikeni hivyo kwenye kanuni za boti, kwa sababu baada ya ajali swali la kwanza la wachunguzi litakuwa nani aliamua.

Kazi moja ni ya wote wawili: kuhesabu watu. Tarehe 25 Januari 1998, boti ya wapiga mbizi iliyotoka Port Douglas, Australia, iliondoka kwenye mwamba ikiwaacha majini wanandoa wawili Wamarekani. Ilichukua siku mbili kugundulika kwamba hawakurudi, na kilichoshtua ni mkoba wao uliobaki ndani ya boti. Hawakupatikana. Nahodha alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia na akaachiwa huru. Kampuni ilitozwa faini.

Utaratibu tunaoupendekeza ni wa karatasi, si wa kukariri. Jina linaandikwa kabla ya kupanda. Kila anayeruka majini anatiwa alama. Akirudi, anakwenda mwenyewe kwa aliyeshika karatasi na kusema jina lake akiwa anaonekana uso, ndipo alama ya pili inatiwa. Hakuna kumwitikia mwenzako, kwa kuwa "yupo, nimemwona" ndiyo kauli iliyowaacha watu baharini. Nanga hainyanyuliwi mpaka nahodha na kiongozi wa mbizi wote wawili wamesaini. Karatasi hiyo inaokoa maisha kwanza, kisha ndiyo ushahidi wenu mzuri kuliko wote.

13. Cheti kinasema watu 12. Tunaweza kupakia wapiga mbizi 12?

Msifanye hivyo kabla ya kupiga hesabu ya uzito. Mtungi wa kawaida wa alumini ukiwa umejaa hewa una karibu kilo 16. Wapiga mbizi 10 wenye mitungi miwili kila mmoja wanaongeza zaidi ya kilo 300, sawa na watu wazima wanne ambao hawamo kwenye orodha ya abiria. Ongezeni mikanda ya uzito inayovaliwa na wapiga mbizi, maji, petroli ya akiba na chombo cha oksijeni. TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) inapokagua chombo kidogo, waambieni kwamba kitatumika kwa mbizi na mwombe idadi iandikwe kwa matumizi hayo. Mitungi ifungwe kwenye fremu. Mtungi unaoviringika boti ikipigwa ubavuni na wimbi la kusi unavunja mguu. Boti ikizidiwa uzito ikapinduka, hoja ya uzembe imeshajibiwa na kamera ya simu ya mtu yeyote aliyekuwa ufukweni.

## Bima na fomu

14. Tunahitaji bima zipi?

Angalau mbili. Bima ya chombo hulipa boti na mashine zikizama, zikiungua au zikiibwa. Hii inalinda mali yenu. Bima ya dhima hulipa madhara mnayowasababishia wengine, wakiwemo abiria, wavuvi na wenye vyombo vingine. Hii inalinda nyumba zenu. Pesa zikiwa chache, anzeni na ya pili. Boti iliyopotea inajulikana bei yake, lakini fidia ya baba wa watoto wanne aliyekatwa na propela hamuijui mpaka hakimu aiseme.

Nunueni kwa kampuni iliyosajiliwa na TIRA (Mamlaka ya Usimamizi wa Bima), na msome vitu vitatu kwenye hati: nani ametajwa kuwa mwenye bima (bodi ya wadhamini, kamati, na kila nahodha), matumizi yaliyoruhusiwa, na eneo. Hati inayosema "maji ya bandari" haiwafikishi kisiwa cha Latham, mbali nje ya pwani. Ulizeni kwa maandishi kama mpiga mbizi anahesabika kuwa abiria akiwa chini ya maji. Hati nyingi za boti za starehe zinamjali mtu akiwa ndani ya boti tu, au zinaitoa mbizi kabisa.

15. Kila mwanachama ana bima yake ya mbizi. Hiyo haitoshi?

Hiyo ni kwa ajili ya mwili wake. Bima za wapiga mbizi kama zile za DAN (shirika la usalama wa wapiga mbizi) hulipia matibabu, usafiri wa dharura na chemba ya shinikizo kwa mwenye ugonjwa wa mgandamizo, unaompata anayepanda haraka mno kutoka kina. Msidhani kwamba zinamlipa na jirani yake aliyeangukiwa na mtungi. Fanyeni iwe sharti la kupanda boti, kwa kuwa mgonjwa asiye na uwezo wa kulipia chemba huishia kuwa deni la klabu kwa njia moja au nyingine. Nambari za dharura na njia ya kumfikisha kwenye chemba viandikwe ndani ya kasha la oksijeni, na mtu apige simu kila mwanzo wa msimu kuhakikisha chemba inafanya kazi.

16. Wageni wakichangia petroli, je, tumekuwa biashara?

Hili ndilo eneo linaloharibu klabu nyingi bila wao kujua. Kugawana gharama halisi za safari kati ya waliomo ni jambo moja. Kumtoza mgeni zaidi ya fungu lake, kutangaza safari za kisiwa cha Mbudya kwenye mitandao, au kumlipa nahodha kwa kila kichwa ni jambo jingine: mnabeba abiria kwa malipo. Hapo chombo kinahitaji leseni na ukaguzi wa aina nyingine, nahodha anahitaji cheti kinacholingana, TRA wana maswali yao, na bima ya matumizi binafsi inaweza kukataa kulipa siku mnapoihitaji.

Kanuni rahisi tunayoipenda: mgeni aje kama mgeni wa mwanachama aliyemo ndani ya boti, ajiandikishe uanachama wa siku, alipe fungu sawa na wengine, na hesabu ya safari ibandikwe ubaoni. Hesabu ikionyesha faida kila mwezi, acheni kujidanganya, kateni leseni.

17. Watu wote wanasaini fomu ya kukubali hatari. Inatulinda?

Kidogo, na si pale mnapodhani. Fomu nzuri inaonyesha kwamba mtu aliambiwa hatari za mbizi yenyewe: kina, mikondo, ugonjwa wa mgandamizo. Alizikubali hizo. Hakukubali mashine kuwashwa akiwa kwenye ngazi. Mahakama husoma vifungu vya kujiondolea dhima kwa macho makali, na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haiungi mkono makubaliano yanayopingana na maslahi ya umma. Tena aliyefariki alisaini kwa ajili yake. Wategemezi wake wana haki ya kudai chini ya sheria ya ajali za vifo, Sura ya 310, nao hawakusaini kitu. Kwa mtoto, asaini mzazi, na hata hivyo msitegemee saini hiyo.

Iandikeni fomu kwa Kiswahili kinachoeleweka. Fomu ya kurasa nne kwa lugha asiyoisoma vizuri aliyeisaini ni ushahidi dhaifu.

18. Bima inaweza kukataa kulipa kwa sababu gani?

Kuficha jambo mlilolijua wakati wa kukata bima, hata kama hamkuulizwa. Boti kutofaa kwa safari. Nahodha asiye na sifa zilizotajwa. Cheti cha ukaguzi kilichokwisha muda. Kuchelewa kutoa taarifa, ambalo ndilo la kusikitisha zaidi kwa sababu linazuilika: taarifa ya maandishi itumwe siku ileile, na asiwepo mwanachama wa kukiri kosa au kuahidi malipo kabla ya kampuni kujua. Mpeni pole aliyeumia, msaidieni afike hospitali, kaeni naye. Hayo si kukiri kosa.

## Mambo yasiyo ya kila siku

19. Mwanachama aliichukua boti bila ruhusa akaigonga. Dhima ni ya nani?

Ya kwake kwanza. Klabu inaingia lawamani kama funguo zilikuwa zinaning'inia mahali kila mtu anapajua, au kama mchezo huo ulizoeleka ukanyamaziwa. Funguo mbili, daftari la kuzisainia, na adhabu iliyoandikwa.

20. Tumekata nyavu za mvuvi, au nanga imevunja matumbawe.

Simameni. Mvuvi alipwe kwa makubaliano ya maandishi yaliyosainiwa mbele ya uongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa rasilimali za ufukweni) ya eneo, na picha za nyavu zipigwe. Kumkimbia mvuvi kwa sababu boti yenu ina nguvu ni aibu, na kesho mtapita palepale. Madema na jarife ndiyo ada ya shule ya watoto wake.

Matumbawe ni kesi nyingine. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya 1994, na kuharibu matumbawe ni kosa. Tumieni maboya ya kufungia boti yaliyopo; pasipo na boya, nanga ishuke kwenye mchanga na mpiga mbizi wa kwanza aikague.

21. Tumekuta dau limezimikiwa mashine lakini wapiga mbizi wetu wako chini. Tufanye nini?

Kuokoa maisha ni wajibu wa kila nahodha, mradi asihatarishe watu wake. Wapiga mbizi walio majini ni watu wake. Kama waliomo dauni hawako hatarini papo hapo, wapeni maji, waombeeni msaada kwa simu au redio chaneli 16, na msubiri wenu wapande. Kuvuta chombo kunaweza kuwa nje ya bima yenu, kwa hiyo ulizeni mapema. Kwa watu mliowaokoa hamdai malipo.

22. Klabu nyingine imeomba kuazima boti yetu kwa wikiendi.

Bila nahodha wenu, mmewakabidhi chombo na uendeshaji ni wao, lakini ubovu uliokuwepo kabla ni wenu. Pamoja na nahodha wenu, hali inarudi kwenye swali la 8. Kwa vyovyote vile pateni idhini ya kampuni ya bima kwa maandishi, na mkabidhiane kwa orodha iliyosainiwa na pande zote, tangu maboya hadi plagi za akiba.

23. Tuhifadhi karatasi za safari kwa muda gani?

Chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, madai ya uzembe kwa kawaida yana miaka 3 na ya mkataba miaka 6. Kenya ni hivyohivyo. Mtoto huhesabiwa tofauti, kwa kuwa muda wake haukimbii kabla hajafikia utu uzima. Hifadhini miaka 7 kwa safari za kawaida. Safari iliyokuwa na ajali au mtoto, msitupe. Picha ya karatasi kwenye simu ya katibu haitoshi. Simu huanguka majini.

24. Klabu ikivunjika, boti inakwenda wapi?

Inakokwenda ni pale katiba inaposema. Madeni yalipwe kwanza, yakiwemo madai ya ajali ambayo hayajaamuliwa, na kwa hiyo boti isiuzwe haraka kwa bei ya kutupa kwa mwanachama mmoja wakati kuna mtu hospitalini anayesubiri fidia. Mahakama inaweza kuutengua uuzaji wa namna hiyo. Kinachobaki, klabu yenye wadhamini kwa kawaida hukikabidhi kwa taasisi yenye malengo yanayofanana, na wamiliki wa hisa hugawana kwa hisa zao. Bima ya dhima isikatishwe siku ya kikao cha mwisho: hakikisheni hati inagusa madai yatakayoletwa baadaye kwa ajali za nyuma, kwa muda uliotajwa kwenye swali la 23.